Kiti cha Mbali na Mlango

Mkuu wa Idara alikaa mwisho wa meza, mbali kabisa na mlango. Waliomfuata kwa cheo walikaa kulia na kushoto kwake, na aliyekuwa wa chini kuliko wote alikaa mlangoni, penye baridi, ndiye aliyeinuka kuleta kahawa, kuzima taa na kumfungulia mtu akibisha. Hakuna aliyenieleza hayo. Asubuhi yangu ya kwanza niliingia nikakikalia kiti cha Mkuu kwa kuwa kilikuwa karibu na ubao. Wanaume watano wakabaki wamesimama wakitazama viatu vyao mpaka nikahisi joto masikioni, nikahama.

Kiwanda kiko Fridley, jimbo la Minnesota, Marekani, kinatengeneza kompresa za friji, nacho ni cha kampuni kubwa ya Korea ambayo huwaleta mameneja wake hapa kwa miaka mitatu au minne kisha ikawarudisha kwao. Mimi niliajiriwa kuwafundisha Kiingereza, kazi ya kutwa, siku tano kwa wiki, yenye bima ya afya na kadi ya kufungulia milango iliyobandikwa picha yangu. Naomba msomaji aelewe kadi ile ilikuwa na maana gani. Nyumbani Kenya nilifundisha Kiingereza sekondari miaka kumi na mmoja. Nilipofika Minnesota vyeti vyangu viliingia kwenye droo, nami nikaingia kwenye kituo cha kulelea wazee, nikawageuza na kuwaosha kwa miaka saba mpaka mgongo ukaanza kunisemesha. Sikuidharau kazi ile, iliniweka mjini. Lakini mimi ni mwalimu. Siku niliyopewa kadi niliivaa shingoni mpaka kanisani, na mume wangu akaniuliza kama nitalala nayo pia.

Pale kiwandani mtu hakuitwa kwa jina. Aliitwa kwa cheo, jina likaachiwa mama yake. Mkuu alikuwa Mkuu, yule wa mlangoni alikuwa Mhandisi, na mimi nilikuwa Mwalimu, jambo ambalo kusema kweli lilinipendeza.

Mwezi wa Januari ikaja barua kutoka makao makuu, Seoul. Mwishoni mwa Machi kila mwanafunzi angepimwa kuzungumza, kwa video, na alitakiwa afike ngazi ya nne. Asiyefika angerudishwa nyumbani kabla ya muda wake. Na kama wasingefika wanne kati ya hao watano, darasa lingefungwa na somo lingepelekwa kwenye programu ya kompyuta. Yaani mimi ningefungwa pamoja na darasa. Niliisoma barua mara tatu nikiwa nimesimama, kisha nikaenda kufundisha.

Maana nililijua darasa langu. Nikiuliza swali, hakuna aliyefumbua mdomo kabla ya Mkuu. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mtu wa mashine, mwenye vidole vinene na adabu nyingi, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Nitakiandika kama kilivyonifikia. Nikiwauliza wamefanya nini mwisho wa wiki, alifikiri, akakohoa, akasema, "Jumamosi mimi kwenda ziwa. Toboa barafu. Samaki hapana." Wa pili kwa cheo akafuata: "Mimi pia ziwa. Samaki hapana." Wa tatu: "Ziwa." Wa nne alitabasamu. Mhandisi, pale mlangoni, aliinamisha kichwa akasema, "Sawa." Kila asubuhi ilikuwa hivyo. Nilibadilisha vitabu, nikaleta picha, nikaleta mchezo wa karata, nikaigiza kama mwendawazimu mbele ya ubao. Majibu yalianza mafupi kwa Mkuu na kuzidi kufupika kuelekea mlangoni.

Jumamosi moja nilipeleka gari langu gereji huko Blaine, betri ilikuwa imekufa kwa baridi mara mbili wiki hiyo. Nikiwa nimekaa nangoja, nikasikia mtu akibishana na fundi kwenye kaunta. Alisema tairi lile alilinunua hapohapo Oktoba, kwamba lina waranti, na kama fundi anadai alipita kwenye mashimo, basi angependa kujua mashimo ya jimbo hili nayo yana waranti ya miaka mingapi. Kiingereza cha kunyooka, chenye utani na kasi. Fundi alicheka akamwandikia tairi jipya. Nami nilicheka nikainua macho kumwona mchekeshaji, na alikuwa Mhandisi.

Aliponiona uso ulimshuka. Nilimfuata nje, tukasimama kati ya magari, theluji ikitulia mabegani.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Nilisoma Australia miaka miwili, Mwalimu."

"Na darasani unaniambia 'sawa' tu? Miezi yote hii?"

Alitazama nyuma yake kana kwamba Mkuu angetokea kwenye rundo la theluji. "Darasani Mkuu yupo," akasema.

"Na wengine je?"

"Wa pili anaongea vizuri kuliko mimi. Mke wake ni mkalimani."

Akanieleza taratibu, kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Mkuu ndiye aliyewafundisha wote kazi. Mwaka ambao kiwanda chao cha kwanza kilitaka kupunguza watu, Mkuu alikataa kuandika majina yao. Nao waongee kumzidi, mbele yake? "Itakuwa kama kumvua shati mbele za watu," akasema. Hata mtihani wa mtu mmoja mmoja haungesaidia, maana matokeo yalibandikwa kantini kila mtu ayasome. "Tunamngoja apande, ndipo tupande nyuma yake."

"Na asipopanda?"

Aliniomba kitu kimoja tu, nisiseme darasani. Nikamwahidi, na nikampa mkono.

Nilirudi Fridley nikiendesha polepole, na njiani nikakumbuka chapati. Nilipoolewa, mpika chapati wa ukoo wa mume wangu alikuwa mke wa kaka yake mkubwa. Zake zilikuwa nzuri kiasi. Zangu zilikuwa nzuri zaidi, sijisifu, mama yangu alikuwa na kibanda cha chapati sokoni na mimi nilikulia kwenye unga. Krismasi yangu ya kwanza pale nilipoambiwa nikande, nilitia maji baridi na mafuta kiduchu, makusudi, zikatoka ngumu kama soli. Watu wakacheka. Mke wa kaka akanichukua pembeni akanifundisha kukanda, kwa upendo, kila mtu akiona, na tangu siku hiyo akawa mtetezi wangu katika ukoo ule. Hakuna aliyenishauri kufanya hivyo, nilijua tu. Sasa niliandaliwa chapati ngumu kila asubuhi kwa miezi mitano na nisizitambue! Nilijicheka peke yangu garini mpaka taa ikawa kijani na wa nyuma akanipigia honi.

Lakini kujua hakukunipa njia. Nilijaribu kuwafundisha wawili wawili, kila mtu akaogopa kwamba mwenzake angesema kwa Mkuu. Nilijaribu kumpa Mkuu maswali mepesi ili apande haraka, akayajua ni mepesi, akanyamaza siku nzima. Katikati ya Februari kukawa na mtihani wa majaribio, na hakuna hata mmoja aliyefika ngazi ya tatu. Mchana huo niliitwa ofisi ya wafanyakazi. Mama anayeisimamia ni Mmarekani, mpole, ana bakuli la peremende mezani. Alinisukumia lile bakuli kwanza.

"Makao makuu wanauliza," akasema, "kama labda tatizo ni lafudhi. Hawajaizoea, unajua."

Nilimwambia naelewa. Sikuchukua peremende. Nilitoka nikaingia chooni nikajitazama kwenye kioo, kadi ikining'inia shingoni, na hasira iliyonipanda sijui niipime kwa kipimo gani. Lafudhi! Wanafunzi wangu wa Kenya wameandika hotuba, wamekuwa mawakili. Nikiachishwa kazi hii, watu wangesema yule Mwafrika hakuweza, wala hakuna mtu angejua kwamba Kiingereza kilikuwepo muda wote, kimekaliwa.

Kesho yake, Jumatano, niliuliza swali la kawaida kabisa, kuhusu mashine iliyoharibika juzi. Mkuu akahangaika nalo. "Mashine moto. Mimi kuzima." Wa pili, yule mwenye mke mkalimani, akanitazama usoni akasema, "Moto. Kuzima." Wa tatu: "Moto." Wa nne akatabasamu.

"Inatosha!" nikasema, na nilipiga meza.

Nikamnyooshea kidole Mhandisi. "Mwambie Mkuu ulivyomwambia fundi wa Blaine. Mwambie kuhusu waranti ya mashimo. Na wewe, na wewe, mnajua Kiingereza vizuri, mnakificha! Mnamshika Mkuu kama mtoto anayejifunza kutembea, na mimi ndiye nitakayefukuzwa kwa sababu yenu!"

Nilisema haraka, bila kuchagua maneno mepesi. Na hapo ndipo nilipoona ubaya wa nililolifanya, maana wale wanne walielewa papo hapo, wakainama, lakini kwa Mkuu maneno yalichukua muda kufika. Niliyaona yakifika. Kwanza alitafuta neno moja, kisha la pili, midomo ikicheza, halafu uso wake ukatulia. Akawatazama mmoja mmoja kuanzia wa pili mpaka Mhandisi. Hakuna aliyemtazama. Akafunga daftari, akaifunika kalamu kifuniko chake, akasimama.

"Asante, Mwalimu," akasema, akatoka.

Wale wanne waliinama kwa heshima kuuelekea mlango ambao ulikuwa umeshafungwa. Kisha wakatoka kwa mpangilio wao, na Mhandisi akabaki nyuma akikusanya vikombe. Alipofika kwangu alisimama.

"Ulinipa mkono," akasema.

Afadhali angenitukana.

Nyumbani nilimsimulia mume wangu akiwa bado na sare yake ya hospitali, anakula amesimama. Anafanya kazi Saint Paul na hurudi na njaa ya simba.

"Hapo umeharibu, mama," akasema. "Hiyo mdomo yako siku moja ita-tu-cost."

"Nilikuwa na hasira. Wameniambia lafudhi!"

"Hasira hasara. Sasa uta-apologize kwa nani, kwa mzee ama kwa huyo uli-promise?"

"Wote wawili."

"Mzee atavumilia. Mkubwa ni jalala, kila kitu anatupiwa yeye. Lakini hiyo contract... sioni waki-renew." Akaweka sahani kwenye sinki. Baadaye akanishika bega, na mimi nikajifanya nimelala.

Alhamisi darasa lilifutwa kwa barua pepe. Ijumaa likafutwa tena. Kila simu ilipolia nilijua ni yule mama wa peremende. Niliandika maneno ya kuomba radhi kwenye karatasi, nikayafuta, nikayaandika upya, mimi niliyewahi kufundisha watu kuandika barua rasmi.

Jumatatu nilifika mapema ili nimwone Mkuu kabla ya watu. Alikuwa ameshafika. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlangoni, suti imefungwa vifungo vyote, na mbele yake kuna birika la kahawa na vikombe sita. Kabla sijasema lolote wale wanne walitokea, na wakakwama pale pale mlangoni. Mkuu alisema sentensi moja fupi kwa Kikorea. Hakuna aliyesogea. Akairudia, sauti ikiwa ile ya kuzima mashine. Ndipo wakaingia kwa ubavu, wakimkwepa, wakakaa kwenye ncha za viti. Wa pili alilazimika kuchukua kiti cha mbali na mlango, akakikalia kama aliyekalia jiko la makaa.

Mkuu akainuka. Akammiminia kahawa wa pili, mikono miwili kwenye birika. Akammiminia wa tatu, na wa nne. Alipofika kwa Mhandisi, Mhandisi alikiinua kikombe haraka mno, kahawa ikamwagikia mkono wa shati, na Mkuu akasubiri, akamalizia kujaza. Mimi akanimiminia wa mwisho. Halafu akarudi mlangoni akasema kwa Kiingereza, ili nami nisikie:

"Kazini, mimi Mkuu. Hapa, mimi mdogo. Hii amri. Mwalimu, anza na wakubwa."

Nilisimama. "Mkuu, nilikukosea," nikasema. "Nilikudhalilisha mbele ya watu wako, na Mhandisi nilimvunjia ahadi."

Alinisikiliza mpaka mwisho, akihakikisha amelipata kila neno. "Hapana," akasema. "Mwalimu kuchelewa. Miezi mitano kuchelewa."

Mhandisi hakuwa mwepesi hivyo. Nilimwomba radhi kwenye ukumbi nje, akaniambia amenisamehe, na kwa wiki nzima akanijibu kwa adabu kavu ya mtu wa benki. Nilistahili.

Wala msifikiri amri ilifungua vinywa siku hiyohiyo. Walizungumza kama watu wanaovuka ziwa mwezi wa Machi, hatua moja, wasikilize kama barafu inalia. Wa pili alipotamka sentensi yake ndefu ya kwanza alifika katikati, akamwona Mkuu, akaikata. Mkuu akagonga meza kwa kidole. Wa pili akaimaliza. Kufikia wiki ya pili wa tatu alitoa mzaha, na yule wa tabasamu akathibitisha kwamba alikuwa akitabasamu kwa kuwa alijua kila kitu. Mkuu alikaa mlangoni na daftari lake akiandika. Siku moja wa pili alieleza kwamba ujana wake alitaka kuwa mpishi, na baba yake akakivunja kisu chake cha jikoni. Mkuu aliuliza tena ili awe na hakika amesikia. "Miaka kumi na tisa pamoja," akasema. "Mimi sijui hii."

Yeye mwenyewe hakupanda. Nilimpa saa ya ziada kila mchana, tukala chakula chetu ofisini kwake tukirudia maneno. Alijitahidi mpaka jasho. Maneno yalimwingia kwa shida na kumtoka kwa shida zaidi, na yaliyotoka Jumatatu yalikuwa yamepotea Jumatano. Nilijua hatafika ngazi ya nne. Naye alijua. Na ikiwa ataanguka yeye peke yake, wanne kati ya watano watakuwa wamefika, darasa litabaki, na mimi nitabaki. Nililifikiria hilo nikimsahihisha matamshi, nikilifikiria huku namtazama usoni, na nikajichukia.

Mtihani ulikuwa saa moja jioni, ambapo kwao ni saa tatu asubuhi ya kesho yake. Jua lilikuwa bado halijazama. Mimi nilikaa pembeni kuendesha kompyuta, na kwenye skrini walikuwa watahini wawili, mwanamke na mwanamume. Waliitwa kwa vyeo, kwa hiyo Mkuu alikuwa wa kwanza. Aliingia, akakaa, na nilipoinuka kufunga mlango akaniinulia kiganja. Alitaka ubaki wazi. Wale wanne walikuwa wamesimama ukumbini, migongo ukutani, hatua nne kutoka kwetu.

Mtahini akamuuliza: eleza tatizo moja ulilokutana nalo kazini, na jinsi ulivyolitatua.

Mkuu alilirudia swali kwa midomo tu, neno kwa neno, hata nikadhani hakulielewa. Nilitamani kumnong'onezea.

"Tatizo," akasema. "Tatizo ni mimi."

Mtahini mwanamume akaacha kuandika.

"Timu yangu, Kiingereza kizuri. Mimi, Kiingereza kidogo. Mimi kukaa juu, wao kushuka chini. Kila siku kushuka. Ili mimi nisiumie." Alipumzika. Mikono yake ilikuwa imeshikana chini ya meza, vidole vyeupe. "Mwalimu kukasirika. Mwalimu sawa. Mimi kuhama kiti. Sasa wao hapo nje. Mlango wazi. Wanasikia mimi vibaya. Mimi nasema, piteni. Juu yangu, piteni. Wao, andikeni kweli. Mimi pia, andikeni kweli."

Huenda ilimchukua dakika nne kuyasema hayo. Mtahini mwanamke alivua miwani. Ukumbini sikusikia hata kiatu kikisugua. Mkuu akainuka, akaiinamia skrini, akatoka akawapita wale wanne bila kuwatazama, na nikasikia hatua zake zikienda mpaka mwisho wa ukumbi, zikasimama huko.

Wa pili aliingia akiwa mwekundu shingo nzima. Kisha akazungumza, na akazungumza, mpaka mtahini akamwambia muda umekwisha. Wa tatu vilevile, na wa nne. Mhandisi alikuja mwisho. Aliongea kwa ufasaha ambao sikumfundisha mimi, akieleza hesabu za joto na mgandamizo, na muda wote machozi yalimtiririka naye hakuyapangusa. Watahini walijifanya hawayaoni.

Matokeo yalifika baada ya wiki moja. Wanne walifika, wawili kati yao waliipita ngazi ya nne. Mkuu alipewa ya pili. Karatasi aliibandika kantini mwenyewe, kwa pini nne, ikae sawa.

Ilibaki taarifa ya mwalimu, fomu ambayo mwalimu huijaza na Mkuu wa Idara, yaani yeye mwenyewe, huigonga muhuri ndipo iende Seoul. Chini kabisa pana nafasi ambapo mwalimu anaweza kuomba mwanafunzi aongezewe miezi sita. Niliijaza. Niliandika kwamba Mkuu amekaribia sana ngazi ya nne na kwamba kwa muda mfupi ataifikia. Nikampelekea ofisini, nikasimama mbele ya meza yake kama mtoto aliyeleta barua ya shule.

Aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Kidole kikasimama pale chini.

"Hii kweli?" akauliza.

Niliutazama muhuri wake mezani.

"Mwalimu. Kweli?"

"Hapana," nikasema.

Akafungua droo akatoa fomu nyingine, tupu, aliyokwisha kuichapisha. "Uongo mmoja," akasema, "Seoul kupima wote tena. Wanne, tena." Akanisogezea kiti. Nikakaa nikaiandika upya kwenye meza yake, ukweli mtupu, na nafasi ile ya chini nikaiacha wazi. Alinyoosha mkono kuichukua, kisha akakumbuka kitu.

"Mwalimu mkataba?"

"Miaka miwili," nikasema. Yule mama alinipa asubuhi ile, pamoja na peremende, na safari hii nilichukua. Nilikuwa nimekaa garini na madirisha yamefungwa nikapiga vigelegele peke yangu. "Mkuu, nimefurahi sana," nikamwambia. "Na ninaona aibu mbele yako kwamba nimefurahi."

Neno “aibu” hakulijua. Alinipa daftari lake nimwandikie, nikamwandikia, na kwa kuwa sikupata njia nyingine ya kulieleza, nikajifunika uso kwa viganja viwili nikainama. Akalisoma tena, polepole, akatikisa kichwa.

"Hii mimi kuwa nayo Februari," akasema. "Sasa hapana."

Akachukua muhuri wake, mdogo kama kidole, akaugonga chini ya ngazi yake ya pili, akaupuliza wino ukauke, akanirudishia karatasi kwa mikono miwili.